Upande Haujatajwa

Fomu imerudi kutoka bima mara ya pili,
na mhuri mwekundu uliokaa mshazari:
UPANDE HAUJATAJWA. ASILI HAIJATAJWA.
Nje, mvua ya Tukuyu haina haraka,
inajaza bati zima nukta kwa nukta,
nayo haijarudishiwa fomu hata siku moja.

Kazi yangu ni kugeuza maumivu
yawe herufi moja na tarakimu.
Homa ina yake. Jino lina yake.
Hata kudondoka mtini kuna yake,
ingawa hawaulizi kama parachichi lilipatikana.

Daktari Mwakibete aliandika,
kwa mwandiko wake wa kuku aliyelowa:
"Mguu. Gumba limelala. Nundu. Anaumwa. Apasuliwe."
Maneno sita. Bima inataka la saba.

Nikampigia simu.
"Kushoto," akasema. Kisha akanyamaza.
"Ngoja. Nilikuwa nimekaa mbele yake.
Kushoto kwangu, au kwake?"
Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

Kitabu cha misimbo kiko wazi magotini.
M, ishirini, nukta, moja: gumba lililopinda, la kupata.
Q, sitini na sita: mguu wenye kasoro, ya kuzaliwa nayo.
Kati ya M na Q ziko herufi tatu tu,
na humo ndimo mtu anamoishi.

Miaka tisa nimeandika miguu bila kuiona.
Leo nimeshuka ngazi.

Bi Tupokigwe Mwasomola, mchuma chai,
amekaa kwenye benchi, miguu ameifunika kwa kitenge
kama mtu anayeficha mkate wa moto.
Chini ya benchi, buti zake mbili za mpira.
Ya kushoto nzima.
Ya kulia ina dirisha
ubavuni, pale gumba linapoanzia,
limekatwa kwa kisu cha kupogolea,
kingo zimebabuliwa moto zisiendelee kuchanika.
Kazi safi. Fundi angeringa nayo.

Sikuhitaji kufunua kitenge.
Upande ulikuwa umetajwa,
umetajwa tangu zamani, kwa kisu.

Lakini nikauliza, maana fomu inauliza:
"Mama, ulizaliwa nao hivi?"
Akanitazama kama mtu anayepima majani mabichi.
"Nilizaliwa na miguu ya mama yangu,
ile ya kupanda mlima bila kuuomba ruhusa.
Huu nimeupata."
"Umeupata wapi?"
"Mzanini."

Akaeleza, si kwa kulalamika,
kama anayesoma risiti:
buti zilikuja namba sita kwa wote,
yeye ni nane.
Tenga likijaa mgongoni, mteremko unasukuma,
na kidole hakina pa kwenda
ila kuwaegemea wenzake.
Miaka ishirini na miwili.
Ya kulia ndiyo inayotangulia kushuka.

Kwa hiyo ni la kupata.
Neno la kitabu, na safari hii kitabu hakikosei:
wengine huko wamepata bati, wamepata ng'ombe,
huyu amepata nyuzi thelathini na nane
kwenye picha ya eksirei.

Nikaandika: M20.1. Kulia.
Nikatafuta kisanduku cha namba ya buti.
Hakipo.
Nikageuza karatasi, nyuma hakuna hata mstari.

"Mmeniandika?" akauliza.
"Tumekuandika, mama."
"Nisomee."
Nikasoma. Akasubiri nimalize,
nami nilikuwa nimeshamaliza.
"Fupi hivyo," akasema, "na ilirudi mara mbili?"
Akacheka mpaka muuguzi akageuka.
"Ndaga fijo, mwanangu."

Alipoinuka, kitenge kikateleza.
Nikauona wa kulia, sawasawa na buti ilivyosema.
Nikauona na wa kushoto:
gumba limeanza kuinama, kidogo tu,
kama anayesikiliza jambo chumba cha pili.

Huo hakuna aliyeniuliza.